Sifuri Yenye Masharti: Mikataba ya Biashara na Ushuru wa Mzigo Mpakani

Malori mawili yamepanga foleni Namanga. Yote yametoka Nairobi, yote yamebeba viti, meza na makabati ya mbao, na yote yanaelekea Arusha. Thamani ya kila mzigo, pamoja na bima na usafiri, ni dola 10,000. Mwenye lori la kwanza analipa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, dola 1,800, kisha anaendelea na safari. Mwenye lori la pili anaambiwa alipe dola 5,930, naye anaamini kabisa kwamba ameonewa.

Mfano huu ni wa kukokotolea tu, lakini hesabu yake ni ya kweli. Fanicha za lori la kwanza zilichongwa katika karakana ya Nairobi kwa mbao za Kenya, na zina cheti cha uasili kinachothibitisha hivyo. Ushuru wake wa forodha ni sifuri. Kilichobaki ni VAT ya asilimia 18. Za lori la pili zilitengenezwa China, zikashushwa Mombasa, zikanunuliwa katika duka la jumla Nairobi. Ushuru uliolipwa Mombasa haukuzigeuza kuwa bidhaa za Afrika Mashariki. Zinatozwa asilimia 35, yaani dola 3,500, kisha VAT inakokotolewa juu ya jumla ya dola 13,500, ambayo ni dola 2,430 nyingine. Hapo hazijaguswa ada ndogondogo zinazotozwa juu ya thamani ya mzigo, kama ile ya reli.

Tofauti ni dola 4,130. Kwa mfanyabiashara wa kati, hiyo ndiyo faida yote ya safari, na pengine sehemu ya mtaji pia. Tena ilikwishaamuliwa kabla lori halijawashwa, siku ile alipochagua pa kununua na karatasi za kudai kwa muuzaji.

Wafanyabiashara wengi husikia redioni kwamba nchi yao imetia saini mkataba wa soko huru, wakaelewa kwamba ushuru umefutwa. Mkataba haufanyi kazi hivyo. Unamfutia ushuru yule anayeweza kuonyesha kwamba bidhaa yake imezaliwa ndani ya eneo la mkataba, kwa kanuni za mkataba huo na kwa karatasi zinazotambuliwa nao. Makala haya yanaeleza njia ya kufika hapo hatua kwa hatua, kwa mtu anayeagiza au kuuza mzigo ndani ya Afrika Mashariki.

MKATABA UNAVYOFIKA KWENYE MEZA YA AFISA FORODHA

Ushuru anaotozwa mwagizaji una tabaka tatu za sheria juu yake. La juu kabisa ni la Shirika la Biashara Duniani, WTO, lililoanza kazi 1 Januari 1995. Huko kila nchi ilijifunga kutovuka kiwango fulani cha ushuru. Tanzania, kwa mfano, ilijifunga asilimia 120 kwa bidhaa za kilimo, na Kenya asilimia 100. Hizo ni dari. Serikali inaweza kutoza chini ya hapo inavyotaka, na ndiyo maana ushuru hupanda na kushuka bila nchi kuvunja ahadi yake.

Tabaka la pili ndilo linalomgusa mfanyabiashara kila siku: Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kutumika 1 Januari 2005. Tangu hapo nchi wanachama hazijitungii tena ushuru wa bidhaa za nje kila moja kivyake. Zina Ushuru wa Pamoja wa Forodha, na zina sheria moja iliyotungwa na Bunge la Afrika Mashariki: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Mkataba ulioanzisha Jumuiya unasema wazi kwamba katika mambo yanayohusu utekelezaji wake, sheria za Jumuiya ziko juu ya sheria za nchi.

Kwa miaka 17 viwango vikuu vilikuwa vitatu: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, asilimia 25 kwa bidhaa kamili. Mei 2022, mawaziri waliokutana Mombasa walikubaliana kuongeza kiwango cha nne, asilimia 35, kilichoanza kutumika 1 Julai mwaka huo. Humo ziliingizwa bidhaa ambazo viwanda na mashamba ya ukanda huu vinaweza kuzitoa: fanicha, bidhaa za ngozi, nguo, bidhaa za maziwa na nyama, mafuta ya kula, chai, kahawa, maua na nyinginezo. Juu zaidi kuna bidhaa nyeti. Mchele wa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Sukari ni asilimia 100 au dola 460 kwa tani, kwa utaratibu huohuo.

Tabaka la tatu ni sheria za kila nchi: VAT, ushuru wa bidhaa na ada. Hizi Jumuiya haijaziunganisha. VAT ni asilimia 18 Tanzania, Uganda na Rwanda, na asilimia 16 Kenya. Hakuna mkataba wa biashara unaoifuta, hata pale ushuru wa forodha unapokuwa sifuri. Mfanyabiashara anayesikia neno "sifuri" akaenda mpakani bila senti mfukoni anajitafutia gharama za kulaza lori.

JULAI MOSI

Kalenda ya forodha ina tarehe moja ambayo kila mwagizaji anapaswa kuizungushia wino mwekundu. Kila mwaka, kabla ya hotuba za bajeti, mawaziri wa fedha wa nchi za Jumuiya hukutana na kukubaliana mabadiliko. Matokeo hutangazwa katika Gazeti la Serikali la Jumuiya mwishoni mwa Juni na kuanza kutumika 1 Julai.

Mabadiliko hayo huwa ya namna mbili kubwa. Ya kwanza, nchi moja huruhusiwa kuweka kando kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja na kutumia chake, cha juu au cha chini. Ya pili, viwanda fulani hupewa nafuu ya kuingiza malighafi kwa ushuru mdogo au bila ushuru. Kwa hiyo kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha Ushuru wa Pamoja ni mwanzo tu wa kutafuta jibu.

Mchele unaonyesha jambo hili vizuri. Kenya kwa miaka mingi imeutoza mchele wa nje asilimia 35 au dola 200 kwa tani, badala ya ile 75 au dola 345. Sababu haiko kwenye mchele, iko kwenye chai. Pakistan ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa chai ya Kenya, na inauza mchele Kenya. Nchi mbili zinazohitajiana zilikubaliana, na makubaliano hayo yakageuka kuwa mstari katika tangazo la ushuru. Mtu wa Mombasa anayeagiza mchele wa Karachi na mtu wa Dar es Salaam anayeagiza mchele huohuo hawasomi kiwango kimoja, ingawa wako ndani ya umoja mmoja wa forodha.

Ushauri unaotokana na hili ni mwepesi kutekeleza. Mzigo unaotarajiwa kufika bandarini kati ya Juni na Agosti upigiwe hesabu mara mbili, kwa kiwango cha zamani na kwa kinachotarajiwa. Hotuba za bajeti husomwa katikati ya Juni, kwa hiyo kuna wiki mbili za kujipanga. Anayesaini mkataba wa kununua mzigo mwezi Mei bila kuuliza kitakachotokea Julai ananunua kwa gharama asiyoijua.

NAMBA KABLA YA BEI

Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba. Mfumo wa namba hizo, unaojulikana kama HS, unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na hurekebishwa kila baada ya miaka mitano hivi. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile dunia nzima. Afrika Mashariki huongeza mbili zake. Bila namba hiyo hakuna anayeweza kujua ushuru wa kitu, wala kama mkataba wowote unakigusa.

Turudi kwenye lori la fanicha. Mfanyabiashara ameandika neno moja kwenye ankara: "fanicha." Kwa afisa forodha neno hilo halitoshi. Viti viko chini ya 9401. Meza na makabati yako chini ya 9403. Magodoro ni 9404. Ndani ya 9403 kwenyewe, samani za mbao za ofisini ni 9403.30, za jikoni 9403.40, za chumba cha kulala 9403.50, na nyinginezo za mbao 9403.60. Mara nyingi namba jirani hubeba kiwango kimoja, lakini si mara zote, na kanuni za uasili zinaweza kutofautiana kutoka namba moja hadi nyingine. Ankara inayoorodhesha viti 40, meza 10 na makabati 6, kila kimoja na namba yake na bei yake, humfanya afisa amalize kazi. Ankara ya "fanicha mchanganyiko" humfanya afungue lori.

Kosa linalojirudia ni kumwachia wakala wa forodha achague namba baada ya mzigo kufika. Wakala ana faili nyingi mezani na huenda akatumia namba ya mzigo wa jana. Jina linalobaki kwenye tamko la forodha ni la mwagizaji, na faini ikija inamfuata yeye. Afadhali mwagizaji apeleke picha, maelezo ya malighafi na matumizi ya bidhaa kwa mawakala wawili tofauti kabla ya kununua, alinganishe majibu, na pale yanapopishana aombe mamlaka ya forodha itoe uamuzi wa mapema kwa maandishi. Utaratibu huo upo kisheria, na uamuzi wa aina hiyo huweza kutolewa kuhusu namba ya bidhaa na pia kuhusu uasili wake.

Thamani nayo ina sheria yake iliyotoka kwenye mkataba. Makubaliano ya WTO kuhusu thamani ya forodha yameingizwa kwenye sheria ya Jumuiya, na msingi wake ni bei halisi iliyolipwa au itakayolipwa kwa bidhaa yenyewe. Afisa akitilia shaka ankara ana haki ya kuuliza, na mwagizaji ana haki ya kujibu kwa ushahidi. Hati ya benki inayoonyesha fedha zilizotumwa kwa muuzaji ni ushahidi mzito kuliko maneno mengi ya dirishani. Anayelipa muuzaji kwa fedha taslimu mkononi, bila karatasi, anaitupa silaha yake mwenyewe.

BIDHAA IMEZALIWA WAPI?

Kiini cha mikataba yote ya biashara ni swali hili. Mahindi yaliyovunwa Kibaigwa ni ya Tanzania, hapo hakuna ubishi. Ng'ombe aliyezaliwa na kulelewa Mbarara ni wa Uganda. Ugumu huanza pale bidhaa inapotengenezwa kwa vitu vya sehemu nyingi: sabuni iliyochemshwa Kigali kwa mafuta ya Malaysia, ndoo iliyofinyangwa Dar es Salaam kwa chembe za plastiki za Saudi Arabia.

Kanuni za Uasili za Jumuiya za mwaka 2015 zina jibu kwa kila namba ya HS. Kwa bidhaa nyingi hutazamwa kama malighafi ya kigeni imebadilishwa kiasi cha kupata namba mpya ya HS, au kama thamani ya malighafi hiyo haijazidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani ya bidhaa iliyokamilika. Kufungasha upya, kubandika lebo, kuchanganya au kupanga mafungu hakuhesabiki. Aliyenunua viatu vya Guangzhou akavitia kwenye maboksi yenye jina la mji wake hajatengeneza viatu.

Mfano uliogusa viwanda vikubwa ni wa peremende za Kenya. Mwaka 2018 pipi na bidhaa za namna hiyo kutoka Kenya zilijikuta zikidaiwa ushuru wa asilimia 25 kuingia Tanzania, kana kwamba zimetoka nje ya Jumuiya. Hoja ilikuwa sukari. Viwanda vya Kenya huweza kuagiza sukari ya viwandani kwa nafuu ya ushuru, na taratibu za Jumuiya hazitaki bidhaa iliyonufaika na nafuu hiyo iuzwe kwa jirani kwa ushuru sifuri, ishindane na ya mwenzake aliyelipa ushuru kamili wa malighafi. Wenye viwanda wakapinga, na serikali zikalazimika kutuma wakaguzi wa pamoja viwandani kuangalia sukari iliyotumika. Wakati huo wote, mwenye duka la jumla wa Moshi au Mwanza aliyezoea mzigo wa sifuri alikuwa anapiga hesabu upya.

Viwanda vya maeneo maalumu ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje, yale ya EPZ, viko katika hali inayofanana. Vinaruhusiwa kuuza ndani ya Jumuiya sehemu isiyozidi asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka, na sehemu hiyo hulipiwa ushuru kamili kama bidhaa ya nje. Kwa hiyo anayenunua kutoka kiwandani Athi River au Mombasa aulize maswali mawili kabla ya kulipa: kiwanda hiki kiko EPZ? Malighafi yake iliingia kwa nafuu ya ushuru? Muuzaji mwaminifu atajibu kwa maandishi. Anayekwepa swali amekwishajibu.

CHETI

Cheti cha uasili ndicho kinachobeba ushahidi wote huu hadi dirishani. Hutolewa katika nchi ya muuzaji na mamlaka iliyoteuliwa na mkataba husika, na kila mkataba una fomu yake. Cheti cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hakitumiki kudai nafuu ya SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, wala cha SADC hakifai kwa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Maelezo yaliyomo lazima yafanane na ankara na orodha ya mzigo: uzito, idadi, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, namba ya HS. Ankara ikisema katoni 200 na cheti kikasema 250, afisa hatakisia ipi ni sahihi.

Wapo wafanyabiashara wadogo wanaodhani habari za vyeti ni za wenye makontena. Mama anayevusha vitunguu kutoka Holili kwenda Taveta, au samaki wakavu kupitia Mutukula, naye ana cheti chake. Jumuiya ina Cheti Rahisi cha Uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ya bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na kinajazwa palepale kwenye kituo cha mpakani. Karatasi hiyo moja inamwondoa kwenye njia za panya, ambako hupoteza zaidi ya anachookoa: mzigo hukamatwa, vijana wa kuvusha hudai chao, na usalama wake mwenyewe huwa mashakani. Inasikitisha kuona mwanamke mwenye magunia manne ya haki akitembea usiku porini kwa kukosa tu mtu wa kumweleza kwamba dirisha lake lipo.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na forodha inakubaliana nao. Sheria inaruhusu nyaraka za mzigo kudaiwa ndani ya miaka mitano baada ya mzigo kuingia. Faili ya kila mzigo inapaswa kuwa na ankara, hati ya malipo ya benki, hati ya usafirishaji, cheti cha uasili, tamko la forodha na risiti. Ziwekwe nakala mbili, moja ya karatasi na moja ya kielektroniki.

NCHI MOJA, MIKATABA MINGI

Hapa ndipo wengi hupotea. Nchi za Jumuiya zimo pia katika jumuiya nyingine, na si zilezile. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na imebaki SADC. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo COMESA. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo imo COMESA na SADC.

Maana yake kibiashara ni hii. Bidhaa ya Misri yenye cheti cha COMESA inaweza kuingia Mombasa bila ushuru. Bidhaa hiyohiyo ikishushwa Tanga haiwezi kutumia cheti hicho, kwa kuwa Tanzania si mwanachama. Na ikivushwa kutoka Kenya kwenda Tanzania itadaiwa ushuru mpakani, kwani nafuu iliyopata ilikuwa ya Kenya peke yake. Upande wa pili, bidhaa iliyotengenezwa Afrika Kusini inaweza kudai nafuu ya SADC ikiingia Dar es Salaam, lakini Kenya haimo SADC. Na ni lazima iwe imetengenezwa huko. Nguo za China zilizonunuliwa Johannesburg hubaki nguo za China.

Mikataba mipya inajaribu kuziba mianya hiyo. Eneo huru la pamoja la COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC lilitiwa saini Sharm el-Sheikh Juni 2015 na kuanza kutumika kisheria Julai 2024. Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, AfCFTA, lilitiwa saini Kigali Machi 2018 na kuanza kutumika kisheria 30 Mei 2019. Chini yake asilimia 90 ya aina za bidhaa zitaondolewa ushuru kidogokidogo, kwa miaka mitano kwa nchi zilizoendelea kiasi na miaka 10 kwa zile zenye maendeleo duni. Asilimia 7 ni bidhaa nyeti zenye muda mrefu zaidi, na asilimia 3 zimeachwa nje kabisa. Biashara ya majaribio ilianza Oktoba 2022 kwa nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Rwanda, na betri zilizotengenezwa Kenya zikawa miongoni mwa mizigo ya kwanza kusafirishwa kwenda Ghana.

Neno la kuzingatia hapo ni "kidogokidogo." Ushuru unaoshuka kwa miaka 10 una kiwango tofauti kila mwaka. Mfanyabiashara anayepanga kununua Accra au Cairo aulize mambo matatu kuhusu namba yake ya HS: imo kwenye orodha gani, imefikia asilimia ngapi mwaka huu, na nchi mbili husika zimekwisha kutangaza ratiba zao kwenye magazeti yao ya serikali? Pale mikataba miwili inapofaa mzigo mmoja, aombe ule wenye ushuru mdogo na wenye kanuni za uasili anazoweza kuzithibitisha.

Wafanyabiashara wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wana fundisho la pekee. Congo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Lakini kujiunga na kuanza kutumia Umoja wa Forodha ni mambo mawili. Rwanda na Burundi zilijiunga Julai 2007, na zikaanza kutumia umoja huo Julai 2009. Mgeni huhitaji muda wa kubadili sheria na mifumo yake, na katika muda huo mpaka huendelea kutoza kwa utaratibu wa zamani. Kituo cha forodha ndicho cha kuulizwa, na jibu lake lichukuliwe kwa maandishi.

WANAOUZA ULAYA NA MAREKANI

Mikataba hugusa pia ushuru tunaotozwa sisi kwa wenzetu. Oktoba 2014 wakulima wa maua wa Kenya waliliona hilo kwa uchungu. Mazungumzo ya mkataba wa biashara kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya yalikuwa yamechelewa, muda wa nafuu ukaisha, na waridi la Naivasha likaanza kutozwa asilimia 8.5 kuingia Ulaya. Waridi la Arusha liliendelea kuingia bure, kwa kuwa Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni ambazo Ulaya imezifungulia soko bila mkataba. Kenya haimo kundini. Ushuru ule uliondolewa mwishoni mwa Desemba. Hatimaye Kenya ilitia saini mkataba wake na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, na ukaanza kutumika 1 Julai 2024. Soko la Ulaya lilifunguliwa mara moja, na Kenya nayo itafungua lake kwa bidhaa za Ulaya pole pole, kwa kipindi cha hadi miaka 25.

Nafuu ya Marekani iliyojulikana kama AGOA ilikuwa na sura nyingine. Ilikuwa sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2000, si mkataba wa pande mbili, na aliyeitoa aliweza kuiondoa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo ili kulinda viwanda vyake vya nguo. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na Julai 2018 nguo za Rwanda zikasimamishwa kunufaika na AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda, zilizokuwa na mpango uleule, zilikuwa zimerudi nyuma mapema. Burundi iliondolewa mwaka 2016 na Uganda Januari 2024, kwa sababu nyingine. Anayejenga kiwanda kwa kutegemea nafuu ya upande mmoja aandike kwenye mpango wake bei ya siku nafuu hiyo itakapokosekana, na atafute mnunuzi wa pili katika soko tofauti kabla ya siku hiyo.

USHURU SIFURI, LANGO LIMEFUNGWA

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ushuru ulikuwa sifuri na vyeti vya uasili vilikuwa sahihi, lakini malori yalikwama. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Mikataba yote huiachia nchi haki ya kulinda afya za watu, mimea na mifugo. Kwa anayefanya biashara ya chakula, cheti cha afya ya mimea, kipimo cha sumukuvu na alama ya ubora ya shirika la viwango vina uzito sawa na cheti cha uasili. Gharama ya kupima mahindi kabla ya kupakia ni ndogo mno ukilinganisha na lori lililolala Namanga siku sita huku nafaka ikipata joto.

MTU AKIONA AMEONEWA

Afisa forodha ni binadamu na anaweza kukosea. Sheria ya Jumuiya, kifungu cha 229, inampa aliyeathirika na uamuzi siku 30 za kuomba kwa maandishi kwamba Kamishna aupitie upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo ombi huhesabika limekubaliwa. Asiyeridhika na jibu ana siku 45 za kukata rufaa katika chombo cha rufaa za kodi cha nchi yake. Aliyelipa ushuru kimakosa anaweza kudai urejeshwe ndani ya miezi 12 tangu alipolipa. Wengi hupoteza haki hizi kwa kulalamika kwa mdomo wiki baada ya wiki, hadi siku 30 zinakwisha bila karatasi hata moja kugongwa muhuri wa kupokelewa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 Uganda ilirekebisha sheria yake ya ushuru wa bidhaa na kuweka kiwango cha juu kwa sigara zinazoingizwa kuliko zinazotengenezwa ndani, zikihesabiwa humo hata zile za kutoka nchi za Jumuiya. British American Tobacco Uganda, ambayo sigara zake zilikuwa zikitengenezwa Kenya, ilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Machi 2019 mahakama ilisema kuibagua bidhaa ya mwanachama kwa njia hiyo kunakiuka sheria za Jumuiya.

Kampuni kubwa ina mawakili wa kuipeleka Arusha. Mwenye lori la fanicha au magunia ya vitunguu ana siku 30, barua ya ukurasa mmoja, namba ya tamko lake la forodha, nakala ya cheti na risiti ya malipo. Barua hiyo inatosha kuanzia. Iandikwe jioni ileile aliyotoka mpakani, wakati bado anakumbuka alichoambiwa dirishani na saa aliyoambiwa.